Kocha Amemtoa Mwanangu Golini kwa Kumsifu Nguvu

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pole na majukumu. Ninakuandikia kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninauza viazi na mboga. Mume wangu ni seremala. Jambo linalonikosesha raha linamhusu mtoto wetu wa pili, mwenye umri wa miaka 16, ambaye yuko kidato cha tatu. Tangu akiwa shule ya msingi amekuwa golikipa, na si kwa kukosa namba nyingine, bali kwa kupenda. Mwaka jana alichaguliwa katika timu ya wilaya kwa ajili ya mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, na glovu anazovaa alizinunua mwenyewe kwa fedha aliyoipata kwa kunisaidia kupakia magunia siku za Jumamosi.

Katika likizo ya mwezi wa sita ilifanyika hapa mjini kambi ya mafunzo ya soka kwa vijana, iliyoongozwa na makocha kutoka Ulaya wakisaidiana na walimu wa michezo wa shule zetu. Tulilipa ada kwa kujibana, tukafurahi kwamba mtoto amepata bahati. Siku za mwanzo tu, kocha mmoja mgeni alimtoa golini na kumpeleka kucheza winga. Alimweleza kupitia mkalimani kwamba vijana wa Kiafrika wamejaliwa kasi na nguvu kuliko wengine, na kwamba ni hasara kumweka kijana wa namna hiyo golini, mahali panapotaka utulivu na kufikiri haraka. Makipa wengine wawili wa hapa nao walihamishwa kwa maneno yanayofanana na hayo. Golini akawekwa kijana wa Kizungu, mtoto wa wageni wanaofanya kazi hapa Mbeya, ambaye mwanangu anasema hakuwa golikipa kabla ya hapo. Sina neno baya juu ya mtoto huyo. Walishirikiana vizuri na hadi leo wanasalimiana.

Mwalimu wao wa michezo, mtu tunayemheshimu sana, alikuwepo na aliyasikia hayo yote. Nilipomuuliza alinijibu, "Mama, mpira umetoka kwa hawa wenzetu, wakisema jambo, tusibishane nao." Nyumbani nako baba yake anaona ninajitafutia presha bure. Anasema, "Tangu lini mtu kusifiwa nguvu kukawa tusi?"

Ningeweza kunyamaza kama mtoto mwenyewe angekuwa sawa. Shule zimefunguliwa, anacheza winga kama alivyoelekezwa, lakini akirudi nyumbani hasimulii tena mechi kama zamani. Kilichonishtua zaidi ni kumsikia akimwambia mdogo wake wa kike kwamba sisi tumeumbiwa mbio, mambo ya kufikiri yana wenyewe. Mwalimu wa hisabati naye ameniambia kwamba siku hizi hanyooshi mkono darasani.

Naomba unisaidie. Je, huu ni ubaguzi wa rangi au ni mimi ninayekuza jambo dogo? Je, arudi golini au akubali namba aliyopewa? Nizungumze na nani, na kwa namna gani, bila kumharibia mtoto uhusiano wake na mwalimu? Kambi hiyo itarudi mwezi wa kumi na mbili na tumeshaombwa kuandikisha majina.

Mama wa golikipa,
Uyole, Mbeya.

JIBU

Mama mpendwa,

Hujakuza jambo. Kubadilishwa namba peke yake si ubaguzi, kwa kuwa makocha wazuri huwahamisha vijana kila msimu, na wapo mabeki mashuhuri walioanza wakiwa washambuliaji. Kinachokifanya kisa cha mwanao kiwe ubaguzi wa rangi ni sababu iliyotolewa. Kocha hakusema kwamba kijana anachelewa kutoka golini, au kwamba anaogopa krosi, au kwamba hajui kupanga mabeki wake wakati wa kona. Alitaja asili yake, na kutokana na asili hiyo akahitimisha kwamba kuna kitu anacho mwilini na kuna kitu anakikosa kichwani, ilhali alikuwa hajamtazama muda wa kutosha kujua lolote kati ya hayo mawili. Kwamba makipa watatu weusi waliondolewa kwa maneno yaleyale, na nafasi ikapewa mtoto mweupe ambaye hata hakuwa golikipa, kunaondoa shaka ndogo ambayo ningeweza kuwa nayo.

Swali la mumeo ni swali la haki, na ningependa kulijibu kwa urefu kwa sababu watu wengi wema hufikiri kama yeye. Sifa ya nguvu inayotolewa kwa watu wa rangi moja wote kwa pamoja huwa haiji peke yake. Nyuma yake hufuata hukumu juu ya akili, hata pale ambapo hukumu hiyo haitamkwi. Mwaka 2014 Willy Sagnol, aliyekuwa kocha wa klabu ya Bordeaux ya Ufaransa, alieleza mbele ya wasomaji wa gazeti moja la huko kwamba faida ya mchezaji wa kawaida wa Kiafrika ni kuwa hagharimu fedha nyingi, yuko tayari kupambana na ana nguvu, kisha akaongeza kwamba soka ni pia ufundi, akili na nidhamu. Angalia jinsi sifa na kasoro zilivyokaa katika kauli moja, ya kwanza ikiifungulia njia ya pili. Mwaka 2020 ulitolewa utafiti, kwa ushirikiano na chama cha wachezaji wa kulipwa wa Uingereza, uliochunguza maneno ya watangazaji wa Kiingereza katika mechi 80 za ligi kuu za Uingereza, Hispania, Italia na Ufaransa. Ulionyesha kwamba watangazaji walipozungumzia nguvu, uwezekano kwamba walikuwa wakimzungumzia mchezaji mwenye ngozi nyeusi ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 6, wakati takribani asilimia 63 ya sifa za akili zilikwenda kwa wachezaji wenye ngozi nyeupe. Hao ndio watangazaji ambao vijana wetu huwasikiliza kila mwisho wa wiki katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga.

Kama mumeo bado anaona haya ni maneno matupu yasiyomdhuru mtu, naomba atafakari kilichotokea Marekani katika NFL, ligi ya kulipwa ya ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa kuubeba mkononi, ambayo zaidi ya nusu ya wachezaji wake ni weusi. Wachezaji wastaafu walioumia ubongo kwa kugongwa kichwa miaka mingi walifikia makubaliano na ligi hiyo kwamba walipwe fidia, na ili mtu alipwe kwa ajili ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, alipaswa kupimwa ili ionekane akili yake imeshuka kwa kiasi gani. Katika vipimo hivyo ulitumika utaratibu uliochukulia kwamba mtu mweusi alikuwa na kiwango cha chini cha uwezo wa akili tangu mwanzo kuliko mweupe. Kwa hiyo wastaafu wawili wenye alama zilezile wangeweza kupewa majibu tofauti, mweupe akahesabiwa kuwa mgonjwa anayestahili kulipwa, na mweusi akaambiwa kwamba hajashuka vya kutosha. Wastaafu wawili weusi, Kevin Henry na Najeh Davenport, walikwenda mahakamani mwaka 2020, na mwezi wa sita mwaka 2021 ligi ikaahidi kuuacha utaratibu huo. Watu hawa walisifiwa nguvu ujana wao wote, na nguvu hizo zikaiingizia ligi mabilioni ya dola, lakini siku walipokuja kudai matibabu ya vichwa vyao walikuta vichwa hivyo vimethaminiwa chini kuliko vya wenzao. Mimi siwezi kuiita sifa ya namna hiyo heshima.

Hata kuhamishwa namba kwa hoja ya rangi kuna historia inayojulikana, na imechunguzwa na wataalamu tangu zamani. Mwaka 1970 watafiti John Loy na Joseph McElvogue walionyesha kwamba katika michezo mikubwa ya Marekani wachezaji weusi walikuwa wamerundikwa katika namba za pembezoni, zile za kukimbia na kufukuza, na kwamba namba za katikati, ambako mchezaji huona uwanja wote na kuwaelekeza wenzake, zilikuwa karibu zote mikononi mwa weupe. Warren Moon aliyapitia hayo kwa mwili wake. Mwanzoni mwa mwaka 1978 aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, moja ya mechi kubwa kabisa za vyuo nchini humo, akicheza namba ya mpangaji, yaani mchezaji anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulio na kuamua uende wapi. Ligi ya kulipwa ilimtaka abadili namba, naye akakataa, na mwaka huo hakuna klabu hata moja ya NFL iliyomchagua. Alikwenda Kanada, akatwaa ubingwa wa huko na Edmonton mara 5 mfululizo, akarudi Marekani mwaka 1984 kujiunga na Houston, na mwaka 2006 akawa mpangaji mweusi wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Ungedhani somo hilo lilitosha. Mwaka 2018, miaka 40 baadaye, wapo waliomshauri kijana mwingine mweusi, Lamar Jackson, aache namba hiyohiyo akawe mkimbiaji wa kupokea mipira. Alikataa, na katika msimu wa 2019 wapiga kura wote walimtaja kuwa mchezaji bora wa ligi.

Sisemi hayo ili umwahidi mwanao kwamba akikataa winga atakuwa bingwa wa dunia. Ninayasema ili yeye na baba yake wajue kwamba maneno aliyoambiwa Mbeya mwaka huu yamewahi kuambiwa vijana wengine wenye vipaji vikubwa, kwa hoja ileile, na kwamba hoja hiyo ilikuwa ya uongo wakati huo kama ilivyo ya uongo leo.

Kuhusu golini hasa, ningependa mwanao amfahamu Moacir Barbosa. Huyu alikuwa golikipa mweusi wa Brazil katika mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia la mwaka 1950, pale kwenye uwanja wa Maracanã, ambapo Brazil ilifungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1. Timu nzima ilishindwa, lakini lawama nzito zaidi zilimwangukia yeye, na kuanzia hapo ikaenea nchini humo imani kwamba mtu mweusi hafai kukabidhiwa lango kwa kuwa hana utulivu. Barbosa alifariki mwaka 2000, akiwa ameshawahi kulalamika kwamba kifungo kirefu kuliko vyote katika sheria za Brazil ni miaka 30, ilhali yeye ameadhibiwa kwa miaka 50. Ilibidi kusubiri hadi Kombe la Dunia la mwaka 2006 ili Brazil imsimamishe golini golikipa mweusi, Dida, akiwa chaguo la kwanza. Kocha wenu mgeni pengine hajawahi kulisikia jina la Barbosa, lakini neno alilolitumia, utulivu, ndilo lililomwandama mzee huyo maisha yake yote.

Upande wa pili yuko Thomas Nkono wa Kameruni. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1982 alifungwa bao 1 tu katika mechi 3, mojawapo ikiwa dhidi ya Italia iliyotwaa kombe, kisha akaenda kulinda lango la Espanyol ya Hispania kwa miaka mingi. Gianluigi Buffon, aliyekuwa golini wakati Italia inatwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, ameeleza kwamba alivutiwa na kazi ya golini kwa kumtazama Nkono katika fainali za mwaka 1990, na jina Thomas ni miongoni mwa majina aliyompa mwanawe. Kwa hiyo mmoja wa makipa wakubwa kabisa waliowahi kutoka Ulaya anakiri kwamba mwalimu wake wa kwanza alikuwa Mwafrika. Karibu na zama zetu, Édouard Mendy wa Senegal aliwahi kukaa karibu mwaka mzima bila klabu, na mwaka 2021 akatwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya akiwa na Chelsea na kutajwa na FIFA kuwa golikipa bora wa dunia wa mwaka huo. Mwanao akiyajua majina haya, atakuwa na la kumjibu mtu yeyote atakayemwambia tena kwamba golini hakumfai.

Sasa nije kwa mwalimu wa michezo, ambaye jibu lake limenisumbua kuliko kauli ya kocha. Kocha mgeni atapanda ndege na kuondoka. Mwalimu atabaki na watoto hao muhula hadi muhula, na akiamini kwamba kila kinachosemwa na Mzungu hakijadiliwi, ubaguzi utaendelea shuleni hata kama hakuna mgeni yeyote uwanjani. Si yeye peke yake mwenye mazoea hayo. Katika soka letu imekuwa kawaida kuamini kwamba kocha mkuu wa maana ni yule aliyetoka nje na kwamba mzawa anafaa kuwa msaidizi wake, na hata duniani, katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 lenye timu 32, kocha mweusi alikuwa mmoja tu, Aliou Cissé wa Senegal. Huyo Cissé aliipa nchi yake Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa mwaka 2022, na mwaka 2024 Emerse Faé, aliyekabidhiwa timu ya Ivory Coast mashindano yakiwa katikati, akalitwaa pia. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Watu wa Mbeya wanaikumbuka Mbeya City iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2013 na kumaliza msimu wake wa kwanza katika nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, ikiwa chini ya Juma Mwambusi, kocha Mtanzania. Uwanja wa Sokoine ulijaa watu waliokwenda kuona mpira uliopangwa kwa akili na mzawa, na mwalimu wa mwanao huenda naye alikuwa miongoni mwao.

Nenda ukamwone mwalimu huyo shuleni, saa ambayo hana kipindi, na si uwanjani mbele ya wanafunzi, kwa maana mtu akiguswa heshima yake mbele ya watoto huacha kusikiliza na kuanza kujitetea. Ikiwezekana mwende wote wawili, wewe na baba yake. Usianze na neno ubaguzi, ingawa ndilo neno sahihi. Mwulize swali moja na umwache alijibu kwa nafasi: mwanangu ana upungufu gani golini? Akikutajia upungufu unaoonekana, kwa mfano kwamba anatoka kwa kusitasita au kwamba pasi zake za mwanzo hazifiki, msikilize na umshukuru, kwa sababu hayo ni mambo ya kufanyiwa mazoezi. Akishindwa kutaja lolote ila kwamba mgeni ndiye aliyesema, hapo mweleze kwa upole yale uliyoniandikia kuhusu mdogo mtu na kuhusu darasa la hisabati. Ninaamini atakusikia. Mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi wake ameacha kunyoosha mkono darasani kwa sababu ya neno lililosemwa uwanjani hawezi kuendelea kuliona jambo hili kuwa la mpira peke yake. Mwombe amrudishe golini katika mechi kadhaa za muhula huu, na uamuzi ufuate kile atakachokionyesha humo.

Je, arudi golini? Aulizwe yeye. Ana miaka 16, na namba anayoipenda ni yake kuichagua mradi anaweza kuifanyia kazi. Akitaka kubaki winga kwa kuwa amegundua kuwa anaifurahia, msimlazimishe kurudi ili tu kumthibitishia mgeni kitu; akitaka lango lake, alipate. Muda aliokaa winga nao haukupotea, kwani golikipa wa siku hizi hutakiwa kuuchezea mpira kwa miguu na kuanzisha mashambulizi, kama watazamaji wa ligi yetu walivyozoea kumwona Djigui Diarra akifanya katika lango la Yanga.

Lakini kabla ya namba kuna lile alilomwambia mdogo wake, na hilo halifai kusubiri hadi mwalimu apatikane. Kaa naye jioni moja akueleze anachokifanya anapokuwa golini, halafu umsikilize kweli, hata kama mengine huyaelewi. Atakwambia jinsi anavyosogea mbele ili kupunguza pembe ambayo mshambuliaji anaiona, jinsi anavyohesabu watu wa kuweka kwenye ukuta wakati wa faulo, jinsi anavyosoma mwili wa mpiga penalti kabla mguu haujagusa mpira. Akimaliza, mwulize kama hayo ni mbio au ni kufikiri. Pembe hizo ndizo anazofundishwa na yule mwalimu wa hisabati, na ingefaa mwalimu huyo ajue kwamba mwanafunzi wake amekuwa akizitumia miaka yote hii. Huenda akampa swali moja la namna hiyo darasani.

Mweleze pia kuhusu Filbert Bayi, ambaye baba yake bila shaka anamkumbuka. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kukimbia dakika 3 na sekunde 32.2, na alifanya hivyo kwa kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho, wakati mazoea ya mbio hizo yalikuwa kujificha nyuma ya wengine na kuchomoka mwishoni. Wapo watakaosema zilikuwa mbio tu, lakini huo ulikuwa mpango uliofikiriwa na kutekelezwa na Mtanzania mbele ya wakimbiaji bora wa zama zake. Miaka miwili baadaye hakukimbia katika Olimpiki ya Montreal, kwa sababu Tanzania na nchi nyingi za Afrika zilisusia kupinga New Zealand kupeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, yuleyule aliyeshika nafasi ya pili Christchurch. Nchi hii imewahi kulipa gharama kubwa kwa kukataa ubaguzi michezoni, na kijana wako ana haki ya kujua kwamba yeye ni mrithi wa msimamo huo.

Neno dogo kuhusu kijana aliyewekwa golini. Umefanya vizuri kutomsema vibaya, na uendelee hivyo. Hakuiomba nafasi hiyo, na urafiki wake na mwanao ni wa kulindwa.

Kuhusu kambi ya Desemba, waandikieni waandaaji barua fupi kabla ya kulipa chochote, na mkiweza iandikwe pamoja na wazazi wa wale makipa wengine wawili, kwa kuwa barua ya wazazi watatu haipuuzwi kwa urahisi. Elezeni kilichosemwa, siku kilipotokea na mbele ya nani, bila matusi na bila kukisia nia ya aliyesema. Ombeni mambo mawili: kwamba kila kijana ajaribiwe katika namba anayoiomba kabla ya kuhamishwa, na kwamba anayehamishwa apewe sababu inayohusu uchezaji wake, kwa maandishi. Wakumbusheni kwamba ibara ya 4 ya katiba ya FIFA inakataza ubaguzi wa rangi na wa asili, na kwamba anayefundisha soka anapaswa kuiheshimu popote alipo. Wasipojibu, nakala ipelekeni kwa afisa michezo wa halmashauri na kwa chama cha soka cha mkoa, ambao wanapaswa kujua ni nani anayefundisha watoto wa mkoa wao na kwa namna gani.

Wakijibu vizuri, mwandikishe na umwache aende na glovu zake. Wasipojibu, fedha ya ada mpeni kama nauli na kiingilio cha Uwanja wa Sokoine siku za mechi za ligi. Afike mapema makipa wakiwa wanapasha misuli, akae upande wa nyuma ya goli, na kwenye daftari lake aandike kila mara golikipa anapotoka langoni na sababu anayodhani ilimtoa, kisha Jumatatu ampelekee mwalimu wa michezo ili walijadili pamoja.